Tarehe Ndani ya Kifuniko

Kila Jumamosi nilifuta vumbi kwenye sanduku la bati la mama, kisha nikalifunika shuka kabla wenzangu hawajaja. Lilikuwa jekundu, lenye ndege wawili na maua ya manjano. Baba alilichora katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kigoma. Hapa Arlington, Marekani, wenzangu walikuwa na makabati ya dukani, nami niliona haya.

Mwaka huo, 2018, Mwalimu Wawira wa sanaa alituonyesha frakturi: vyeti vya kuzaliwa ambavyo Wajerumani waliohamia Pennsylvania zamani walivichora kwa mkono, kwa herufi za madoido, ndege na maua. Kila mmoja wetu achore chake, na Ijumaa wazazi waje kutazama.

Changu nilikipamba kikapambika! Nikaandika: "Annick, amezaliwa Arlington, Januari mosi 2006."

Mama alikisoma, akashika kiuno. "Arlington? Nilikuzalia wapi, kwenye maegesho ya magari?"

"Mama, watanicheka."

"Na hiyo Januari mosi! Kwenye karatasi za safari baba yako Januari mosi, mimi Januari mosi, kaka yako Thierry Januari mosi. Maofisa walituuliza mwaka tu, siku wakatujazia wenyewe. Ati sote tumeanguliwa pamoja kama vifaranga!"

Akavuta shuka, akafungua kufuli. Ufunguo alikuwa nao yeye tu, kwa hiyo sikuwahi kuona ndani ya kifuniko. Mwandiko wa baba, kwa rangi ya buluu: ANNICK. MTABILA. JUMATANO 8-11-2006.

Nililia. Siku yangu ilikuwepo miaka yote, nami naifunika shuka.

Nilichora upya, nikaandika kweli tupu. Ijumaa baba na Thierry walilibeba sanduku hadi darasani. Mwalimu Wawira alipoona kifuniko, akashika mdomo.

"Haki ya Mungu! Wajerumani wale nao walichora masanduku yao maua yaleyale ya vyetini, na wengine walibandika cheti ndani ya kifuniko. Baba Annick, nani alikufundisha?"

"Hakuna, mwalimu. Niliogopa tu karatasi itapotea njiani."

Hakuna aliyecheka. Rafiki yangu Kiprop aliomba baba amchoree na lake. Jamani, kichwa changu kilikuwa juu siku hiyo!

Nyumbani nilikunja shuka, na sanduku sikulifunika tena. Mama akaniita kwake.

"Mkataa kwao ni mtumwa, mwanangu. Uongo ulikuwa umekupa mji usiokujua na siku isiyo yako. Sasa njoo, tarehe nane Novemba inakaribia. Keki unataka ya rangi gani?"

"Nyekundu, mama. Na ndege wawili juu."