Mawe ya Mafigani

"Hii nyumba ni ya nani?"

Tekla aliuliza akiwa amesimama mahali ambapo mlango ulikuwa bado haujawekwa. Fulgensi akacheka, akajipangusa udongo mikononi. Alikuwa amelificha jambo hili tangu Krismasi, na sasa kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha.

"Ni yako. Pasaka ikipita, padri akishatufungisha, unaingia humu. Hapa chumba, hapa sebule. Sema basi chochote."

Tekla akasogea ndani. Macho yake yalikuwa chini, kwenye msingi. Mawe meusi yenye masizi ya miaka mingi yalikuwa yamepangwa vizuri na kushikizwa kwa udongo. Akapiga magoti, akapapasa moja lenye ubapa upande mmoja. Alilijua, lilikuwa la jirani yao.

"Haya mawe umeyatoa wapi?"

"Hapahapa. Yalikuwa yamezagaa tu. Bonde lote hili huokoti hata kokoto, nikasema Mungu ameniona."

Ngoja niwaeleze, maana Fulgensi hakuelezwa na mtu, na hilo ndilo lililomponza. Ule mwinuko uliitwa Mafigani. Ifakara ni tambarare, na Mto Kilombero ukivimba, watu wa mji wa chini hubeba vyungu na mikeka wakapanda pale mpaka maji yapungue. Kila nyumba ina mafiga yake matatu yanayoisubiri. Ni mawe yaliyoletwa kwa mtumbwi kutoka milimani, upande wa Mbingu, na hayaguswi na mtu. Binti akichumbiwa, mama yake humwekea ya kwake matatu, jirani na ya kwao. Kiangazi ukipita pale unaona nyasi na mawe, basi. Fulgensi alikuwa mtu wa Mahenge, mlimani, ambako jiwe ni kero ya shambani tu, na tangu aje Ifakara mto ulikuwa haujapanda hata mara moja.

Kibaya zaidi, yeye ndiye aliyekuwa mpima viwanja. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa ameitaka kamati ya mji ipange viwanja vya wazi visivyojengwa kamwe, kipi kitangulie kulindwa na kipi kifuate. Wavuvi walikuwa kwenye makambi yao huko mtoni, wanawake hawakuitwa. Fulgensi akasimama na kamba yake ya kupimia, akasema uwanja wa mpira utangulie, halafu soko, halafu mbele ya kanisa. Mafigani akapaweka mwisho, kwa sababu hakuna anayepatumia. Cha mwisho hakikulindwa, na mwinuko ukakatwa viwanja. Kipande kikubwa alikipata Kelestini, mnunuzi wa mpunga aliyekuwa mjumbe wa kamati hiyohiyo, akazungusha seng'enge na kuanza kusimika mashine ya kukoboa. Kona moja akapata Fulgensi.

Tekla alimweleza yote hayo akiwa bado amepiga magoti. Fulgensi akakaa juu ya ukuta wake. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ilimtia baridi.

"Na ya mama yako?" akauliza polepole.

"Yalikuwa pale kwenye uzio."

Fulgensi akainamisha kichwa. Yale ya upande ule alimpa Kelestini, naye akayamwagia saruji chini ya mashine.

Mama Balbina, mama yake Tekla, alipata habari akiwa anakausha kambale. Hakupiga kelele. Jioni Fulgensi alipokuja kuomba radhi alimpa kigoda, akamkaribisha wali, na upole ule ukamtisha kijana kuliko matusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu niambie. Huko kwenu mlimani, mvua ikizidi mnakimbilia wapi?"

"Hatukimbilii popote, mama. Maji yanashuka yenyewe."

"Yanashuka kwenda wapi?"

Fulgensi akaweka sahani chini. Mama Balbina akaendelea kugeuza samaki, kisha akasema kwamba mwaka huu yeye hapandi Mafigani, kwa kuwa hana pa kuinjika chungu. Hakuwahi kupika kwenye mafiga ya mtu mwingine, na uzeeni hataanza.

Tekla alimsindikiza mchumba wake mpaka njiani. Alimpenda, tusidanganyane. Alimpenda kwa ile miguu mirefu na kwa jinsi alivyouogopa mtumbwi. Akamtaka aende kwenye kamati aseme amekosea. Fulgensi akasema atakwenda, ila baada ya harusi. Akisema sasa kazi itakwenda, na nyumba nayo.

"Unalinda nyumba?"

"Ninakulinda wewe."

"Basi tangazo la tatu la ndoa yetu halitasomwa kanisani," Tekla akasema, na akarudi ndani bila kugeuka.

Kwaresima ile mvua ilinyesha milimani kwanza. Ifakara kulikuwa kukavu, lakini mto ulibadilika rangi. Sheshe, wale swala wa mbugani, wakatoka kwenye majani marefu wakaja kusimama karibu na makaburi ya misheni, mchana kweupe, hata mbwa hawawashtui. Viboko wakaanza kulisha nyuma ya soko. Wavuvi wakarudi kabla ya wakati wao, wakapita Mafigani kutazama sehemu zao, wakakuta nyasi na seng'enge. Walimtazama Fulgensi wasimsalimie. Yeye alikuwa akipaua nyumba yake kwa mabati mapya.

Jumapili ya tangazo la tatu, maji yaliingia kanisani katikati ya misa. Hayakuja kwa kishindo. Yalipita chini ya mlango, yakazunguka miguu ya viti, na padri akafunga kitabu. Hakuna tangazo lililosomwa siku hiyo.

Mchana watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa Mafigani, vyungu kichwani na watoto mgongoni, wakiwa wamebanwa na uzio. Wa nyuma walikuwa tayari wamesimama ndani ya maji. Kelestini alikuwa upande wa pili, karibu na magunia yake, akiwasihi wasimharibie mali. Mtu mmoja akamwita mwizi wa ardhi, naye akanyoosha kidole.

"Muulizeni yule mpima. Si ndiye aliyesema hapatumiki? Na mabati ya nyumba yake si nilimpa mimi?"

Tekla akageuka.

"Mabati gani?"

"Alinipa baada ya kikao," Fulgensi akasema. "Zawadi ya harusi."

"Harusi yangu. Na mimi sikuambiwa."

Macho ya Tekla yalikuwa makavu kabisa. Fulgensi alitamani angelia, au angempiga. Akaingia nyumbani mwake, akatoka na mtaimbo, akaanza na nguzo ya uzio. Ilipolala, watu wakapita juu yake. Kisha akarudi kwenye nyumba. Alipiga kuta zile alizozijenga kwa mikono yake mpaka zikaanguka pamoja na mabati, akachimbua msingi jiwe baada ya jiwe, na akina mama wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akichukua ya kwao, bila kuuliza na bila kukosea. Hapakuwa na aliyemshukuru.

Matatu ya Tekla yalikuwa chini ya pale Fulgensi alipopaita chumba.

"Mama yuko wapi?" Fulgensi akauliza.

"Alishasema hapandi."

Walikwenda kwa mtumbwi, Tekla akipiga pondo, Fulgensi amekaa chini akiyakumbatia mawe. Mashamba ya mpunga yalikuwa hayaonekani tena. Walimkuta Mama Balbina ameketi kitandani, maji yakigusa godoro, rozari mkononi. Hakuonekana kushangaa.

"Mama, twende. Nimekuletea yangu."

"Hayo ni ya bibi harusi."

"Hakuna bibi harusi," Tekla akasema.

Fulgensi aliyasikia. Aliinuka hata hivyo, akashuka majini mpaka mapajani, akamtoa mama mkwe ambaye hakuwa tena mkwe wake, akamweka mtumbwini. Usiku ule Mama Balbina alipika kwenye mawe ya binti yake, na Tekla akala amekaa pembeni, mtu asiye na mahali.

Kamati nayo ililala palepale kwenye matope, na maji yalipopungua ilikutana. Fulgensi alisimama akaeleza alichosema, na alichopewa. Mafigani ikawekwa ya kwanza, mbele ya uwanja wa mpira na soko. Kelestini akaondoa mashine, lakini ile saruji ikabaki, na ndani yake mafiga ya mama wa watu. Fulgensi akafukuzwa kazi. Ikasemwa amerudi Mahenge.

Kiangazi Tekla alipita Mafigani akaona jiwe jeupe, jipya, jirani na sehemu ya mama yake. Baadaye akaona la pili. Hakumuuliza mtu, ila akaanza kupita kila jioni. La tatu lilipokuja, alikuwa amekaa pale anasubiri.

Fulgensi aliliteremsha kutoka kichwani. Shingo ilikuwa imechubuka, miguu mirefu imejaa vumbi la njia ya Mbingu.

"Hukuwa na mtumbwi?" Tekla akauliza.

"Ninauogopa. Unajua."

Tekla akalikanyaga jiwe kwa kisigino, likacheza. Fulgensi akapiga magoti, akalichimbia upya, akalishindilia mpaka likatulia. Tekla akatazama milima, upande wa kwao kijana, ambako wingu lilikuwa limeanza kufunga kabla ya msimu.

"Nenda kwa padri," akasema. "Mwambie aanze tena na tangazo la kwanza. Na usikawie, maji yakija mwaka huu nataka tuwe na pa kupikia."