Kamanda na Kipande cha Mkate

Jamani majirani, hasa nyinyi mnaofunga mabegi kwenda kuwatembelea watoto wenu walioolewa nchi za watu, vuteni viti mkae. Nawasimulia habari ya dada yangu mkubwa. Yeye mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisimpunguzie ubishi wake hata kidogo. Sitampunguzia.

Tulikuwa tumekaa kwenye meza ndefu ya mbao, nyuma ya duka la mikate. Ilikuwa asubuhi, matanuri yametulia, unga umepanguswa, na dirisha dogo limejaa mvuke. Katikati ya meza kulikuwa na mkate wa moto, bakuli la supu ya mboga na samaki wa kuchoma aliyenakshiwa kwa majani nisiyoyajua. Mjukuu wetu mchanga alikuwa amelala kifuani mwa babu yake mwokaji, mzee mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Amani tupu.

Mke wa mzee yule, ambaye ndiye mama mkwe wa binti yetu, akamega kipande cha mkate na kumpa dada yangu kwa mkono wake. Dada akainua kiganja kama askari wa barabarani.

"Nimeshiba," akasema. Kisha akatoa kwenye mkoba kopo lake la maharage aliyoyapika mwenyewe chumbani, akaanza kula mbele ya watu.

Dada yangu ni mpishi mkuu wa chuo. Sisi ndugu zake tunamwita Kamanda. Kwa imani yake, dunia ina majiko ya aina mbili: la kwake, na ya wanaojaribu. Binti yake wa mwisho alipojifungua huko alikoolewa, tulifunga safari pamoja kwenda kumwogesha mtoto. Mimi nilibeba nguo na zawadi. Kamanda alibeba unga, maharage, viungo, mafuta na jiko la koili la umeme. Na chumvi.

"Dada, hata chumvi?"

"Ya kwao naijua mimi?"

Msimcheke. Wangapi hapa mmevuka bahari na makopo ya kwenu, mkarudi na picha za uwanja wa ndege tu?

Mume wa binti yetu alijifunza Kiswahili kwa mkewe, basi dume zima lenye ndevu linaongea kama shangazi. "Jamani mama yangu," alimbembeleza Kamanda, "onja hata tone, usinitie aibu mwenzio!"

"Mwanangu, tumbo langu halina pasipoti."

"Loo! Sasa mpakani lilipitaje?"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Kamanda hakuonja.

Mimi nilikula, sitawadanganya. Kila asubuhi nilishika kikapu nikaenda sokoni na binti yetu. Kule muuza matunda hakuuzii kabla hujaonja; anakukatia kipande, anakutazama usoni, na ukikunja uso anakukatia cha tunda jingine. Muuza samaki aliniuliza kwa ishara nitapikia wangapi, kisha akaniondolea mezani samaki niliyemchagua na kunipa mkubwa zaidi. Nilijifunza kusalimia, kushukuru na kupanga foleni bila kusukumana. Kamanda alikuwa akitungoja nje ya soko, ameziba pua kwa upande wa khanga.

Lakini siku zilivyosogea, mama mwenye nyumba, yule mkwe wa binti yetu, aliacha kutuchekea. Akaacha hata kutuangalia. Asubuhi moja binti yetu alinivuta nyuma ya magunia ya unga, macho mekundu.

"Mama mdogo, nisaidie. Nyumba hii mkate haukatwi kwa kisu. Kila mtu anammegea aliyekaa karibu naye. Ukikataa kipande ulichomegewa, umesema mbele ya wote kwamba una neno na huyo mtu. Ndivyo ukoo wao unavyoishi. Hata mtu na mkewe wakinuniana, mezani hujulikana."

"Mama yako hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akasema mkate ni mkate, nisimletee hadithi."

"Na wakwe zako umewaambiaje?"

"Kwamba mama anaumwa tumbo. Halafu wakamwona anafuta sahani ya maharage."

Nilitaka kucheka, lakini yeye alikuwa analia. "Mama mkwe anaamini mama hakuiridhia ndoa yetu. Anasema kama ni hivyo, nirudi nyumbani na mama, mimi na mtoto, mpaka wazee wakae wazungumze. Mume wangu hali, halali. Mama mdogo, mimi sitaki kuondoka. Kwangu ni hapa."

Nilipanda ngazi kwa hasira. Kamanda alikuwa chumbani, amechuchumaa mbele ya koili yake, anakaanga vitunguu.

"Unavunja nyumba ya mwanao kwa sababu ya maharage!"

"Nani kavunja nyumba? Mimi nimekataa mkate tu!"

"Huo mkate ndiyo nyumba yenyewe!"

Tukashikana maneno. Yeye ananinyooshea mwiko, mimi namnyooshea kidole, na hakuna aliyekumbuka vitunguu. Moshi ukapanda, king'ora cha moto kikalia darini, na jengo zima likatoka mbio. Waokaji waliacha matanuri wakakimbilia barabarani na aproni zao. Zimamoto walikuja. Kamanda alitoka wa mwisho, kajifunga khanga, amekumbatia sufuria kama mtoto aliyeokolewa. Zimamoto mmoja alichungulia ndani ya sufuria, akakunja midomo asicheke.

Tuliporuhusiwa kurudi, mzee mwokaji alifungua matanuri. Mikate yote ya asubuhi ilikuwa mkaa. Nje ya mlango wateja walikuwa wamepanga foleni, vikapu mkononi.

Hapo ndipo nilipomwona dada yangu akibadilika. Maneno ya binti yake hayakumwingia, yangu hayakumwingia, lakini chakula kilichoungua huku watu wenye njaa wanangoja, hilo analijua mpishi yeyote. Aliweka sufuria chini.

"Unga uko wapi?"

Alivua saa, akanawa mpaka kwenye viwiko, akaanza kukanda. Mama mwenye nyumba alisimama upande wa pili wa meza. Kamanda alizoea kukanda donge la kulisha chuo kizima, basi aliupiga ule unga kama anayeudai. Mama yule akampiga kofi dogo kwenye kifundo cha mkono na kumwonyesha: taratibu, kunja, acha upumue. Kamanda akakunja. Akapigwa tena.

"Huyu mama ana mkono mwepesi wa kofi," akalalamika.

"Anasema na wewe una mkono mzito wa unga," binti yake akatafsiri.

Mkate ulitoka, foleni ikahudumiwa, nasi tukakaa mezani. Mama mwenye nyumba aliweka mikono mapajani. Hakutaka kumega akataliwe tena. Kijana wetu mwenye ndevu alimwangalia mama yake, kisha mkewe. Binti yetu alimkumbatia mtoto kwa nguvu.

Kamanda akachukua mkate. Akamega kipande, chenye ganda zuri, akamnyooshea mwenzake.

"Mwambie sina neno naye," alimwambia binti yake. "Niliununia mkate, na hata huo nilikuwa siujui. Mwambie mwanangu ameolewa kwa watu, nami nimeridhika."

Binti akatafsiri. Mama yule alikitazama kile kipande. Kisha akainua kiganja kama askari wa barabarani.

"Nimeshiba," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa.

Mara yule mama akaangua kicheko mpaka machozi, akakinyakua kipande na kukitia chote mdomoni. Meza nzima ikalipuka. Mzee alipiga meza, unga ukamdondoka nyusini. Kamanda alicheka huku analia, naye akamegewa chake, akala. Akatafuna. Akavuta bakuli la supu.

"Hii wanatia nini?"

Tangu hapo hatukumweza tena. Sokoni alionja matunda mpaka muuzaji akamletea kiti. Yale maharage yake aliyapika jikoni chini, na mzee mwokaji alipangusa bakuli kwa mkate. Binti yetu alibaki kwake na mtoto wake na mumewe mwenye maneno ya shangazi. Begi la Kamanda lilirudi limejaa viungo vya kule. Koili tuliiacha, king'ora kilishaifahamu.

FUNZO

Ndugu zangu, ukikaribishwa mezani kwa watu, wanakupa zaidi ya chakula. Wanakuonyesha wanavyoishi na wanavyopendana. Ukikataa bila hata kuonja, umewadharau wao, na aibu yako atabaki nayo mtoto wako uliyemwacha kwao. Kama ugonjwa au dini inakukataza kitu, sema kwa heshima, utaeleweka. Lakini kiburi kisijifiche nyuma ya tumbo. Uliza jina la kile ulichopewa, uliza kinapikwaje, tia mdomoni. Usipokipenda, umepata cha kusimulia.

Kwa hiyo fungeni zawadi, wekeni na nguo za baridi. Chumvi mtaikuta huko.