Kinywaji cha Mtama cha Mzee Mbaluka

Kwa Mzee Mbaluka, karibu na soko la Zombe, siku ilianza kwa kelele za ndege. Walishuka makundi kwa makundi kwenye mtama wake, naye akawafukuza kwa mawe na matusi. Mkewe, Nduku, alikuwa jikoni akichochea moto wa chai. Alimkumbusha mumewe kwamba ndege hawasikii matusi. Mbaluka akajibu kwamba matusi yale yalikuwa ya kumsaidia yeye, si ndege.

Mbaluka alikuwa fundi. Ufundi wake haukuwa wa mbao wala wa mawe. Ulikuwa wa uki, ile pombe ya asali ya sherehe za Wakamba. Tangu ujana wake, mwenye kuozesha na mwenye kuoa wote walimwendea yeye. Watu walimsifu sana, na sifa zile zilimshibisha kuliko nyama. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mbaluka hakutia maji, lakini kichwa kilivimba kidogo.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu, naye alikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Nduku aliokoka kanisani wakati Gedion, mtoto wao, alipokuwa bado ananyonya, akaacha pombe. Tangu siku hiyo hakuonja kitu chochote ambacho mumewe alikitengeneza. Hakumgombeza. Alimpikia, alimfulia, alitaniana naye. Lakini kinywaji chake hakukigusa. Jambo hilo lilimuuma Mbaluka kwa miaka mingi, na hakumwambia mtu.

Mwaka huu Gedion, ambaye sasa ni mwanamume mzima, alipata mchumba. Jina lake Muthoki, binti wa Nyamai wa Kikima, kule kwenye vilima vya Mbooni. Siku ya ntheo ikapangwa. Ntheo ni siku ya kupeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana, ili ndoa ikubalike kimila. Pamoja na mbuzi hupelekwa kinywaji. Katika ukoo wa Nyamai, aliyeleta kinywaji ndiye huonja kwanza mbele ya wote, waone kwamba hakina ubaya.

Nyamai alituma neno mapema. Nyumba yake ni ya kanisa, kwa hiyo pombe isiletwe, hata ya asali.

Gedion alisema jambo ni rahisi, watanunua soda. Mbaluka alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Soda hata mgeni wa kupita anapewa," alisema mwishowe. "Mimi nikienda kuomba mtoto wa watu, nitapeleka kitu nimetengeneza na mkono yangu."

"Na ukitengeneza wewe, Baba Gedion, itakuwa nini kama si pombe?" Nduku aliuliza.

Mbaluka alimkumbuka marehemu mama yake. Mama yule alikuwa akipika kinywaji kitamu cha mtama ulioota, na hata watoto walikinywa. Utamu wake Mbaluka aliukumbuka vizuri. Jinsi ya kupika hakuikumbuka vizuri. Lakini alijiambia kwamba fundi ni fundi. Mtu aliyeiweza asali atashindwaje na mtama?

Hapo ndipo alipokosea. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Mbaluka alizoea uki, na mtama akautendea vilevile. Aliuloweka, ukaota, akausaga pamoja na vichipukizi vyake. Akauchanganya na maji ya vuguvugu. Vyungu vya mama yake vilikuwa vimevunjika zamani, basi akachukua pipa la mabati la kukingia maji ya mvua. Akalifunika kwa gunia, akaliweka karibu na moto, akaliacha hapo mpaka siku ya pili. Uki hufanywa hivyo, na uki wake haukuwahi kumwangusha. Kisha akachuja kwa kipande cha chandarua cha zamani.

Aliramba kidogo tu. Kilikuwa kichachu, na kilikuwa na ladha ya chuma, lakini alijiambia kitazoeleka. Akamwita mkewe.

"Hii si pombe," alimwambia. "Ni mtama tu. Onja."

Nduku alimtazama usoni. Aliona jinsi alivyokuwa akingoja. Basi kwa ajili ya uso ule, si kwa ajili ya kiu, alipokea kikombe akanywa chote.

Kabla ya saa sita tumbo lilimkata. Alitapika mpaka akakosa nguvu za kusimama. Mbaluka aliita bodaboda, akampakata mkewe mpaka zahanati. Nesi alimpa dawa, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Akamwambia Mbaluka kwamba amefanya vizuri kumleta upesi. Ilikuwa jioni Nduku alipoweza kuketi.

Njiani kurudi hakulalamika. Walipofika nyumbani alisema neno moja tu.

"Nunua soda, Baba Gedion."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana lilimchoma zaidi. Miaka yote alikuwa akingoja mkewe aonje kazi ya mikono yake. Siku alipoonja, alikaribia kufa.

Kesho yake jirani yao Kasyoka, mke wa Kivuva, alikuja kutoa pole na mapapai mawili mkononi. Kasyoka anaongoza kikundi cha akina mama wanaosaga unga wa uji pale Zombe, na mambo ya nafaka alijifunza katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kiboko. Alikaa na Nduku kwanza. Kisha akamwomba Mbaluka amwonyeshe chombo alichotumia.

Aliinamia pipa, akapitisha kidole ndani. Mahali kinywaji kilipofika, mabati yalikuwa yamefifia.

"Mzee, hii mabati imepakwa zinki ndio isishike kutu," alisema. "Kitu kikichacha ndani yake, ule uchachu unakula zinki, inaingia kwa kinywaji. Ndiyo ilimwangusha Mama Gedion."

Aliendelea kueleza taratibu. Chandarua kina dawa ya mbu, kwa hiyo kisichuje kitu cha kuliwa hata kikiwa kimezeeka. Vichipukizi vya mtama navyo vina sumu yake. Mtama ulioota ukishakauka unaitwa kimea. Kimea husuguliwa vichipukizi vitoke, kikapepetwa, ndipo kikasagwa. Tena lazima kipikwe.

Mbaluka aliketi juu ya jiwe. Machozi yalimlenga, na hakujaribu kuyaficha.

"Kumbe nilimpikia mke wangu sumu."

"Ulimpikia na akili ya uki," Kasyoka alisema kwa upole. "Uki inataka kukaa. Mtama ukitaka utamu wake, hautaki kukaa. Unataka joto, halafu unataka upesi. Tukitafuta vyombo vizuri nitakuonyesha, na si lazima viwe vya bei."

Mbaluka aliona aibu kuanza kufundishwa na umri wake ule. Lakini kuuliza si ujinga, na siku ya ntheo ilikuwa inakaribia. Alikubali.

Walianza na vilivyokuwa nyumbani. Sufuria kubwa ilikuwepo. Mwiko ulikuwepo. Kyondo kikubwa, kile kikapu cha mkonge ambacho Nduku alibebea mahindi, kilikuwa kimening'inia ukutani. Blanketi kuukuu halikukosekana. Kasyoka alisema kwamba mtu akiwa na kyondo na blanketi, mtambo wa kutunza joto tayari anao.

Ndoo walizifuata sokoni, dukani kwa Adan Kusow. Mbaluka aliona pipa la buluu la plastiki nje ya duka, kubwa na rahisi, akalishika. Adan alimuuliza lilikuwa la kazi gani. Alipoambiwa ni la kinywaji, alilirudisha ukutani.

"Hiyo ilikuja na dawa ya shamba, mzee wangu. Chukua ukijenga. Ya kunywa mimi siwezi kukuuzia, hata ukiosha mwaka mzima."

Akamtolea ndoo mbili zenye vifuniko, zilizokuwa za mafuta ya kupikia. Mbaluka alimshukuru kwa moyo, kwa maana mfanyabiashara anayekunyima kitu kwa ajili ya afya yako ni wa kushikwa mkono kwa mikono miwili. Kwenye duka la pili walinunua bomba dogo la plastiki, la kufungua na kufunga, na mipira yake miwili, na kitambaa cheupe cha pamba. Ununuzi ukaishia hapo.

Nyumbani Mbaluka alitoboa ndoo moja chini kidogo kwa chuma cha moto, akafunga bomba, mpira ndani na mpira nje, maji yasivuje. Kitambaa kilishonwa mfuko, nao ukachemshwa kabla ya kutumika. Ndoo zilioshwa kwa sabuni na maji moto. Kasyoka alikazia sana jambo la usafi, kwa sababu kinywaji kitamu wadudu wa magonjwa nao hukipenda.

Kisha wakapika. Walianza na unga wa mtama ambao haukuota, wakaupika uji mzito mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Wakautoa motoni, wakaungoja upoe kidogo. Kasyoka alipima kwa kipimajoto chake mpaka kikafika digrii sitini na tano. Alieleza kwamba uji ukiwa moto mno, nguvu ya kimea hufa. Ukiwa umepoa mno, utachacha. Hapo akamimina unga wa kimea aliokuja nao kutoka kwenye kikundi chake, akampa Mbaluka mwiko.

Mbaluka alikoroga. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito. Baada ya muda ukawa mwepesi, na uji ule mzito ukaanza kulegea mbele ya macho yake, ukawa majimaji bila mtu kuongeza maji. Akaacha kukoroga akamtazama Kasyoka. Kasyoka alicheka, akasema hiyo ndiyo kazi ya kimea, kinauvunja uji kuwa sukari.

Walifunika sufuria, wakaitia ndani ya kyondo, wakaizungushia blanketi, wakaiacha saa mbili. Walipofunua, ilikuwa bado ya moto. Mbaluka aliramba mwiko akafumba macho. Ulikuwa utamu wa mama yake.

Wakauchuja kwa mfuko, wakauchemsha tena pamoja na tangawizi na ukwaju. Kuchemsha huku ndiko kunakoua wadudu, na ndiko kunakozuia kinywaji kugeuka pombe. Hata hivyo, Kasyoka alionya, kisikae. Kipoe kikiwa kimefunikwa, kinywewe siku hiyo au ya pili yake. Kikichacha, kimwagwe.

Nduku alisimama mlangoni muda wote. Aliangalia kila hatua. Mbaluka hakumpa kikombe, maana hakuwa na uso wa kumpa.

Siku moja kabla ya ntheo Mbaluka alipika peke yake kwa kimea na kipimajoto cha Kasyoka, akijaza sufuria mara kadhaa. Alfajiri wakasafiri na mbuzi na ndoo zao mpaka Kikima. Boma la Nyamai lilikuwa limejaa watu wa ukoo na wa kanisa. Baada ya maombi na maneno ya mbuzi, Nyamai aliangalia ndoo zile, akauliza kilichokuwa ndani. Mbaluka alieleza kwamba ni mtama, na kwamba si pombe. Wazee wawili walinong'onezana. Sifa za Mbaluka wa uki zilikuwa zimefika hata huku, na safari hii hazikumsaidia.

"Basi aliyeleta aonje," Nyamai alisema.

Mbaluka alifungua bomba, akajaza kikombe. Alijua amefanya kila kitu kama inavyotakiwa. Lakini akilini alimwona tena Nduku akiwa hoi pale zahanati. Kikombe hakikupanda mdomoni. Watu waliona, wakaanza kutazamana. Gedion alitazama chini.

Nduku aliinuka kutoka kwa akina mama. Alitembea mpaka katikati, akasimama mbele ya mumewe.

"Lete," alisema.

"Mama Gedion, si lazima."

"Nimekuona ukipika. Lete."

Alikichukua kikombe, akanywa. Hakuonja, alikunywa, polepole, mpaka chini kabisa. Akajipangusa mdomo kwa ncha ya leso. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye.

Nduku akanyoosha kikombe kitupu.

"Niongeze," alisema. "Hawa wengine watangoja zamu yao."

Boma zima likaangua kicheko, Nyamai wa kwanza. Vikombe vikaletwa. Mzee mmoja wa kanisa alirudi mara tatu, na mama yake Muthoki alitaka aelezwe yale mambo ya kyondo na blanketi.

Mbaluka alikuwa bado anamjazia mkewe. Macho yalikuwa yamejaa maji, hakuliona bomba vizuri, na kinywaji kilifurika kikamwagikia viatu vyake vipya. Hakuna aliyemcheka isipokuwa Nduku.