Baiskeli ya Muuza Oveni

Kila Jumamosi nilifagia ofisi ya shangazi yangu mhasibu, chumba kimoja juu ya duka la vioo. Siku hizo alikuwa angali hai, na sauti yake ilisikika mpaka ngazini.

Siku moja muuza oveni aliingia akisukuma baiskeli mpya nyekundu, usukani bado umefungwa nailoni.

"Ya binti hii," alisema. "Mama, wale waokaji unaowatunzia hesabu wanakusikiliza wewe tu. Waambie wanunue oveni yangu, nawe utapata kamisheni yako. Yabaki kati yetu."

Nilikuwa nimeshapanda. Shule ilikuwa mbali, nami nilikwenda kwa miguu.

"Shuka," shangazi alisema.

"Lakini shangazi, jana si ulisema oveni yake ndiyo nzuri?"

"Nilisema. Sasa ameshaniharibia neno langu!" Alimgeukia yule bwana. "Waokaji wananilipa niwe upande wao. Wewe unataka kuninunua kisirisiri, tena kupitia kwa mtoto! Huna hata haya?"

"Mama, kila mtu anapokea."

"Basi kampelekee huyo kila mtu. Toka!"

Nilinuna njia nzima tulipokwenda kwa waokaji. Kiongozi wao aliitwa Bi Hamira, kwa jinsi hasira zake zilivyoumuka upesi. Shangazi alimweleza yote, hata baiskeli, akamwomba asitegemee tena ushauri wake kuhusu oveni.

Bi Hamira alipiga meza, unga ukaruka. "Kumbe hiyo baiskeli tungeilipia sisi, ndani ya bei! Mikono yetu imeungua kwa ajili ya nani?"

Hapo ndipo nilipoacha kununa. Nikaona mikono yake, makovu mpaka kwenye viwiko, nami nikakasirika kuliko wote.

Waokaji walibeba unga wao, wakaoka kwa kila muuzaji na kujionea wenyewe. Walichagua oveni ile ile. Safari hii bei ilishuka, maana haikuwa na kamisheni wala baiskeli ndani yake.

"Anayekuomba ushauri amekukabidhi macho yake," shangazi aliniambia. "Ukipewa kitu ambacho huwezi kumwambia, usikipokee."

Jumatatu nilikwenda shule kwa miguu. Shangazi hayupo tena, lakini mtu akininyooshea kitu kwa siri, bado namsikia: "Shuka."