Kahawa Kwenye Jeraha

Maiti ya Lam ilikutwa asubuhi nje ya zahanati moja ya mtaa wa Malakia, chini ya lango lile lile alilokuwa akililinda. Kichwa kilikuwa kimefungwa lawa, ile shuka ya kutupia begani, imelowa damu na mvua.

Inspekta Nyakong hakukaa chini tangu alipoitwa. Mkuu wake, mtu wa haraka haraka isiyo na baraka, alikwisha kuwasweka ndani vijana wawili wa mtaa wa Mangateen. Wezi hao, alisema, na mchana wangeshtakiwa kwa mauaji. Lakini mwizi gani huyo aache simu mfukoni, kisha amfunge mtu kidonda?

Mochwari, Daktari Mwangi, Mkenya asiyependa maneno mengi, alimwonyesha jeraha la kisogoni.

"Pigo moja la kitu butu. Fuvu ni zima. Kilichomwua ni damu kuvuja. Angeshonwa mapema, leo angekuwa anakunywa uji."

"Na hii nyeusi?"

"Unga wa kahawa. Mtu aliujaza kidondani."

Nyakong alishawahi kuwekewa kahawa na bibi yake alipojikata. Asiye na hospitali huzuia damu kwa alicho nacho. Basi kuna mtu aliyehangaika Lam asife, na kahawa ilikuwa karibu yake. Akarudi Malakia mbio. Ng'ambo ya barabara, kuelekeana na lango, palikuwa na kibanda cha Nyaluak, muuza chai na kahawa. Jiko lilikuwa baridi.

Isaiah, mlinzi aliyempokea Lam zamu ya jioni, alidai hakuona kitu. Nyakong akazunguka mbele yake, huku na huko, mpaka mwenyewe akaanza kubabaika.

"Nyaluak alikuja hapa jana?"

"Alikuja, afande. Akiburura mtu kafunikwa kichwa. Nikamwambia alete karatasi ya polisi."

"Ulimfunua?"

"Hapana. Bila karatasi sifungui. Akamlaza hapa chini ya lango, akakimbilia kituoni. Mimi nikarudi ndani, mvua ilikuwa kubwa."

"Huyo alikuwa Lam."

Isaiah aligeuka kulitazama lango. "Lam ndiye aliyenifundisha kazi," akasema.

Nyakong alitamani kumzaba kofi. Amri ya kumtibu kwanza aliyepigwa na kuandika baadaye ilikwisha tolewa, naye mwenyewe alikuwa amepita zahanati hizi akiieleza mpaka koo likamkauka. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Alimkuta Nyaluak kwake Nyakuron, ameketi mlangoni.

"Lawa yako iko wapi, dada?"

"Unayo wewe, afande."

Hakuhitaji kusukumwa. Mwaka jana dada yake, Zilpah, alichomwa kisu na mumewe. Nyaluak alimfikisha kwenye lango lile, na Lam akawaambia walete waraga, karatasi ya polisi. Aliporudi nayo, Zilpah alikuwa amekwisha kata roho. Tangu hapo aliendelea kuchemsha chai akilitazama lango, na Lam aliendelea kuinywa. Jana mvua iliwabana wawili tu kibandani, Nyaluak akamwuliza kama anamkumbuka dada yake.

"Akasema, dada yupi? Nikampiga na mchi wa kahawa."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka akumbuke. Alipoanguka nikamwona amelala vile vile alivyolala Zilpah. Nikaingiwa na hofu."

"Na kituoni?"

"Nilifika. Askari akauliza aliyepigwa ni nani, nikamtajia Lam. Akauliza, nani amempiga?" Nyaluak alitazama mikono yake. "Nikasema sijui. Akaniambia niende, nirudi nikishajua. Nikaja hapa."

"Kituo gani?"

"Chenu."

Nyakong alimfunga pingu, akampeleka kituoni.

Kaunta alikuwapo askari yule yule wa jana. Alimtambua Nyaluak, akavuta fomu mpya na kalamu.

"Haya, umeshajua nani alimpiga?"

"Ni mimi," alisema Nyaluak. "Sasa watamtibu?"

Nyakong alichukua funguo, akaenda kuwafungulia vijana wa Mangateen.