Fuwele Iliyong'olewa

Damu haikuwepo hata tone, na hilo lilimuudhi Inspekta. Mtafiti, mama wa makamo, alikuwa ameshapelekwa hospitali kashika jicho la kulia. Madaktari walisema halitaona tena.

Profesa, mkuu wa maabara, alieleza huku jasho likimtoka. Leza iliyomuumiza, mashine ya mwanga mkali, hutoa mwanga kwa mapigo mafupi mno, na mwanga wenyewe hauonekani. Ukipita kwenye fuwele hugeuka kijani, na kichujio hunasa mabaki yasiyogeuka. Miwani ya mtafiti ilizuia kijani tu. Sasa fuwele na kichujio vimeng'olewa, vyote viwili, na mwanga usioonekana ukapenya miwani moja kwa moja.

"Ufunguo wa maabara anao nani?" Inspekta akauliza.

"Mimi. Na wa akiba uko stoo."

"Basi leo unalala ndani, Profesa."

Kusema kweli, Inspekta alitamani iwe hivyo. Wasomi wenye kujidai walimkera toka zamani. Hata hivyo akamwita mtunza stoo, ambaye wote walimwita Bubu kwa ukimya wake. Bubu akasema yeye anajua maboksi tu, leza hajaigusa maishani.

Kalamu ikamponyoka Inspekta, ikaviringika chini ya meza ya leza. Bubu akainama kuiokota. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini kichwa chake kilipopita usawa wa meza, alifumba macho.

Inspekta akamuuliza Profesa maana yake. Ni mazoea ya watu wa leza, akajibiwa, kwa sababu mwanga hukimbia usawa ule. Mtunza stoo hafundishwi hayo.

"Wewe, leza umesomea wapi?"

Bubu akamrudishia kalamu. "Chuoni. Nina shahada."

Ikatoka yote. Aliwahi kuomba kazi ya utafiti hapo hapo. Mtafiti, akiwa kwenye jopo la usaili, akamwambia mbele za watu kwamba hana kichwa cha kazi hii. Njaa ikamrudisha kuomba kazi ya stoo.

"Mwaka mzima namkabidhi vifaa," alisema. "Ananisalimu, ananitania. Sura yangu haikumbuki hata kidogo. Afadhali angenichukia. Ndiyo, nilivitoa mimi."

Inspekta akamfunga pingu, akazibana kwa nguvu.

"Mtafiti anakuulizia huko hospitali," akamwambia. " Anasema wewe ndiye uliyemshika mkono mpaka gari likafika. Anataka kukushukuru."

Bubu akaketi sakafuni, akalia kwa sauti. Inspekta hakumwonea huruma hata chembe.