Mfuko Uliokuwa na Joto

Hakuna mtu Masii anayejua mitumba kunishinda. Shule niliiacha darasa la saba, lakini nipe nguo gizani, nitakwambia kama itamaliza mwaka. Kwa hivyo usinicheke. Mcheke yule mama, ukimpata. Mimi nikimpata, sitacheka.

Ilikuwa Julai, jioni ya siku ya soko, watu wanakunja maturubai. Ndugu yangu Kitonga alikuwa amepata kazi ya kubebea watalii mizigo Mlima Kenya. Aliambiwa aje na mfuko wake wa kulalia, wa baridi kali, la sivyo nafasi apewe mwingine. Alitaka kununua wa kwanza aliouona.

"Huo ni wa kulala sebuleni kwa watu," nikamwambia. "Toka hapo, mwachie fundi."

Mfuko wa baridi unaufinya, unauachia. Ukifura haraka, manyoya ya ndani ni mazima. Unapima zipu. Unanusa. Na ujue hivi: mfuko hauna joto lake. Unatunza lako tu.

Mwisho wa mstari tulikuta mmoja, peke yake juu ya gunia. Kando yake ameketi mama mwenye leso nyeusi. Nikaingiza mkono.

Ulikuwa na joto.

Joto la kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi...

Na mimi, fundi, nikasema, "Kitonga, huu ndio wenyewe."

"Ni nani atakayelala humu?" mama akanong'ona.

"Ndugu yangu huyu, Kitonga."

"Nyinyi ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia. Akatabasamu. "Basi mimi ni shangazi yenu. Ngoja nimbariki."

Kwetu mkubwa akikubariki anakutemea mate kidogo kifuani. Hukatai. Lakini huyu hakumtemea Kitonga. Alifungua mfuko, akalitaja jina la Kitonga chini chini, akatema ndani. Nami, mjinga wa kutupwa, nikasema asante.

Saa mbili usiku Kitonga aliujaribu nje ya nyumba, baridi inauma masikio. Akafunga mpaka kidevuni. Nikamwambia anafanana na kiazi kitamu.

Hakucheka.

"Kyalo... kuna mtu humu."

"Ni ushamba wako."

"Ananisukuma."

Ndipo harufu ikaja. Mafuta ya taa. Soksi zilizolowa. Zipu ikapanda yenyewe, polepole. Krrr...

Ikamfunika uso.

Nikavuta. Ikakataa. Nikachukua panga, nikaupasua ubavuni. Kitonga alitoka baridi kama jiwe la mtoni. Mfuko ulikuwa moto.

Siku ya soko iliyofuata nilienda na rungu. Mama hayupo. Nthambi, anayeuza sweta mstari ule, ndiye aliyenieleza. Yule mama si wa huku. Kijana wake pia alikuwa mbeba mizigo. Aliganda huko mlimani, akateremshwa akiwa ndani ya mfuko huo. Alikuja siku tatu za soko na huo mmoja tu, na hakukubali kumuuzia mtu asiyetaja jina la atakayelala.

"Na mkanyamaza?"

"Wewe si unajua kila kitu," Nthambi akasema, akaendelea kukunja sweta zake.

Nilipiga meza yake teke. Ningempiga nani mwingine?

Nafasi ya mlimani alipewa mtu mwingine. Kitonga anakaa juani saa sita mchana na sweta tatu, meno yakigongana. Hospitali walimpima, hawakuona kitu. Anakonda. Ombi lake ni moja.

"Nirudishe ndani, Kyalo. Joto langu liko huko."

Nilikataa. Nikasema nitauchoma. Akalia kama mtoto, akisema nikiuchoma nimemchoma yeye. Nikaufunga kwa kamba, nikauficha ghalani chini ya magunia.

Jana jioni niliporudi nilimkuta mwaitu, mama yetu, ameketi sakafuni na sindano ya magunia. Alikuwa anashona pale nilipopasua.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Punguza sauti," akasema bila kuinua macho. "Nimechoka kumtazama akitetemeka."

Ndani ya mfuko Kitonga alikuwa anakoroma, taratibu, kama mtu mwenye afya.

Na mle ndani, wa pili alikoroma naye, pumzi moja nyuma.